Tusiyahesabu Matunda: Aniceti Kitereza wa Ukerewe na Swali la Kusudi la Maisha

Utangulizi

Katika mazishi ya Kikristo kandokando ya Ziwa Victoria, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, iko saa ya kusoma wasifu wa marehemu. Hutajwa mwaka na mahali pa kuzaliwa, ubatizo, masomo, kazi na ndoa. Kisha, karibu na mwisho, huja sentensi inayongojewa na watu wote: marehemu ameacha watoto kadha na wajukuu kadha. Lakini yako mazishi ambayo sentensi hiyo haisomwi, kwa sababu hakuna wa kuhesabiwa. Msomaji hupita haraka, na waombolezaji huinamisha nyuso zao. Hakuna aliyetamka neno baya. Hata hivyo hukumu imekwisha kutolewa. Maisha yale, kwa kipimo cha watu waliokusanyika, hayakufika mahali.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali lililojificha ndani ya kimya hicho: maisha ya mwanadamu hupata wapi maana na kusudi lake? Hatutalichunguza kwa kukusanya maoni ya wanafalsafa, bali kwa njia ya historia, tukifuata maisha ya mtu mmoja wa mwambao huu. Naye ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981), katekista, mfasiri na mwandishi wa riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kilutheri limshughulikie katekista wa Kanisa Katoliki. Jibu letu ni kwamba swali analotuwekea mtu huyu linagusa kiini cha fundisho la kuhesabiwa haki, yaani fundisho ambalo Walutheri na Wakatoliki walilitolea Tamko la Pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Zaidi ya hayo, watu ambao Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria inawahudumia huko Mwanza wanaishi katika mazingira yale yale na hukutana na swali lile lile.

1. Uzazi na kusudi la maisha katika mwambao wa Ziwa

Kwa wazee wetu wa mwambao huu, swali la kusudi la maisha halikuulizwa kama mjadala. Lilikuwa limekwisha kujibiwa katika mpango wa nyumba: mtu huzaliwa, huoa au huolewa, huzaa, hulea, huitwa mzazi, kisha babu au bibi, na mwishowe huingia katika jamii ya wahenga wanaokumbukwa. Mwanatheolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza jinsi ambavyo kwa jamii nyingi za Afrika mtu aliyekufa huendelea kuwa hai kwa namna fulani maadamu wako wa nyumbani kwake wanaomtaja kwa jina. Kwa mawazo hayo, asiye na mtoto hapotezi furaha ya kulea tu. Anapoteza hata makao yake baada ya kufa. Ndiyo maana neno tasa, au mgumba, lilikuwa na uzito kuliko matusi mengine.

Hatuna budi kukumbuka pia kwamba shauku hiyo ya uzazi ilizidishwa na matukio ya historia. Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyefanya utafiti Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu mwaka 1976, alionyesha kwamba karne ya 19 ilileta kisiwani si nguo na shanga tu, bali pia magonjwa mageni. Vifo vilipoongezeka, hofu ya uchawi iliongezeka pamoja navyo, maana watu walitafuta ni nani wa kulaumiwa. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe katika nchi za maziwa makuu, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi katika pande mbalimbali za Ziwa. Mahali ambapo watoto wengi hufa, kila mtoto anayebaki huwa ushahidi kwamba nyumba haijashindwa. Na nyumba isiyo na mtoto huanza kuangaliwa kwa mashaka.

Katika hali hiyo ndipo Injili ilipofika. John Speke alikuwa ameliona Ziwa karibu na Mwanza mwezi wa Agosti 1858. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, wa chama cha CMS, walifika pwani ya kusini mwaka 1877, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe walipojikuta katikati ya ugomvi wa mtawala Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Baadaye walikuja Mapadre Weupe, ambao kabla karne ya 19 haijaisha walikuwa wameanza kazi katika kisiwa kile, wakafanya Kagunguli kuwa kituo chao. Huko ndiko Kitereza alikosomea.

2. Mtu wa milango iliyofungwa

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, yaani Abasilanga. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa katika ikulu ya Omukama Mukaka. Alisoma shule ya misheni ya Kagunguli, akabatizwa, kisha akapelekwa ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, katika seminari ya Rubya, ambako alisoma karibu miaka 10. Alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kijerumani pamoja na masomo ya falsafa na theolojia. Katika kizazi chake ni Waafrika wachache mno wa mwambao huu waliopata elimu ya namna hiyo.

Masomo hayo yalikuwa na kusudi moja wazi, yaani upadre. Lakini Kitereza hakupadrishwa. Alirudi nyumbani Vita vya Kwanza vilipokwisha, wakati utawala wa Wajerumani ulipokuwa umeondoka na Waingereza wamekwisha kuitwaa nchi. Huo ulikuwa mlango wa kwanza kufungwa. Alimwoa Anna, naye akafanya kazi katika kampuni ya wafanyabiashara wa Kiitaliano mjini Mwanza. Vita vya Pili vilipoanza kazi hiyo nayo ikakoma, akarudi Ukerewe kuitumikia misheni ya Kagunguli kama katekista na mfasiri. Huo ulikuwa mlango wa pili.

Mlango wa tatu ulikuwa mzito kuliko yote. Watoto wa Kitereza na Anna walifariki wote wakiwa bado wadogo, na wazazi wao wakabaki peke yao. Kwa desturi ya nchi, mwanamume mwenye shida hiyo alikuwa na njia mbili zilizojulikana: kumrudisha mke kwao, au kuoa mke wa pili. Kitereza hakushika njia yoyote kati ya hizo. Walizeeka pamoja, na uzee wao ulikuwa wa maradhi ya viungo, ambayo yalimtesa Anna mno.

Tukimpima mtu huyu kwa vipimo vitatu vilivyokuwako katika kizazi chake, twaona kwamba alipungukiwa katika vyote. Kwa kipimo cha seminari, hakufika madhabahuni. Kwa kipimo cha mji, hakupata mali. Kwa kipimo cha wahenga, hakuacha mtu wa kumtaja.

3. Kitabu na safari yake, 1945–1981

Aliporudi Kagunguli, Kitereza alihimizwa na padre mmoja kutoka Kanada, Almas Simard, aliyependa lugha na desturi za Wakerewe zisipotee. Kitereza aliona kwamba vijana waliokuwa wakikua chini ya shule na utawala mpya hawakujua tena jinsi babu zao walivyolima, walivyovua, walivyoposa, walivyotibu na walivyozika. Angeweza kuandika orodha ya mila. Badala yake alichagua hadithi ya mume na mke, ili mila hizo zionekane zikiishi ndani ya watu. Aliandika kwa Kikerewe, na mwaka 1945 kazi ikakamilika.

Baada ya hapo ilianza safari ndefu. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na hakuna mchapaji aliyekuwa tayari kutoa kitabu kikubwa namna hiyo kwa wasomaji wa kisiwa kimoja. Padre Simard alijitahidi kukitafsiri kwa Kifaransa akitumaini kupata mchapaji ng'ambo, lakini alifariki katika miaka ya 1950 kabla ya kufanikiwa. Miaka ikapita. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, na Kiswahili kikazidi kushika nafasi ya kwanza katika shule, ofisi na vitabu. Kwa jicho la kawaida, hapo mlango wa nne ulikuwa umefungwa: mwandishi alikuwa na kitabu katika lugha ambayo taifa halikuisoma.

Ndipo Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walipofika Ukerewe kwa utafiti, wakamkuta mzee huyu na mswada wake, wakamhimiza autafsiri kwa Kiswahili. Naye, akiwa na umri upitao miaka 70 na mwenye maumivu ya viungo, aliifanya kazi hiyo mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka 1972 akina Hartwig walimtambulisha kwa wataalamu wa fasihi ya Afrika kwa makala. Hatimaye Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikakitoa kitabu hicho chenye tarehe ya mwaka 1980. Kitereza alifariki mwezi wa Aprili 1981, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia.

Katika miaka ya 1990 kitabu kilitoka kwa Kijerumani, kwa tafsiri ya Wilhelm Möhlig, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanasoma jinsi watu wa Ukerewe walivyotengeneza pombe ya ndizi na walivyowinda kiboko.

4. Riwaya inasema nini juu ya maisha

Ni jambo la kutafakari sana kwamba mtu aliyezika watoto wake alichagua kuandika habari za watu waliokosa mtoto. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawajajaliwa. Ndugu wa mume wanamdharau mke. Wazazi wake, kwa uchungu wa matusi hayo, wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere, badala ya kuoa mwingine, anakwenda kumwomba mkewe kwa wakwe na kulipa faini aliyotozwa. Wakiisha kurudiana, wanatafuta mganga, Kibuguma, na baada ya matibabu marefu wanampata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye binti, Bulihwali.

Msomaji wa haraka angeweza kusema kwamba riwaya inathibitisha kipimo cha wahenga: taabu ilikwisha mtoto alipozaliwa. Lakini tukisoma kwa uangalifu tunaona mambo mawili yanayozuia usomaji huo.

Jambo la kwanza ni mpangilio wa matukio. Mume anamrudia mke kabla hajajua kama watapata mtoto. Faini anailipa, na safari za kwenda na kurudi anazifanya, kwa ajili ya mke ambaye watu wamekwisha kumwita tasa. Kwa hiyo upendo wao hautegemei uzazi, umetangulia uzazi. Wangeweza kufa bila mtoto, na sehemu hiyo ya hadithi ingebaki kuwa kweli.

Jambo la pili ni kwamba hadithi haiishii kwenye kuzaliwa kwa watoto. Inaendelea mpaka uzee na kifo cha wazazi, na mbele zaidi. Mtoto hakumwondolea mtu yeyote kifo. Kitereza alijua jambo hilo nyumbani mwake, wala hakumdanganya msomaji.

Inafaa pia kutazama jinsi kitabu kinavyotumia kurasa zake. Sehemu kubwa haihusu matukio makubwa. Inahusu kulima, kupika, kusalimiana, kuvua, kumhudumia mgeni, kumtunza mgonjwa. Mwandishi anayaeleza mambo hayo kwa subira ya mtu anayeamini kwamba siku ya kawaida inastahili kuandikwa. Katika riwaya hii maana ya maisha haisubiri mwisho wa hadithi. Imesambaa katika kazi za kila siku ambazo mtu humfanyia mwenzake.

5. Sauti nyingine ya miaka ile ile

Wakati Kitereza alipomaliza mswada wake, daktari mmoja wa Vienna, Viktor Frankl, alikuwa katika siku za mwisho za kifungo katika kambi za Wanazi. Baba yake, mama yake, ndugu yake na mkewe wote walipoteza maisha chini ya mateso hayo. Mswada wa kitabu alichokuwa amekiandika ulipotea alipofikishwa Auschwitz. Baada ya kufunguliwa mwaka 1945 aliandika habari za mambo aliyoyaona, na kitabu hicho kilitoka Vienna mwaka 1946. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba mtu hapaswi kuyauliza maisha yatampa nini, bali yeye ndiye anayeulizwa na maisha, naye hujibu kwa kazi anayoifanya, kwa upendo anaoutoa, na kwa namna anavyoyachukua mateso asiyoweza kuyaepuka.

Hatusemi kwamba misiba ya Ukerewe ilikuwa sawa na kambi zile, la hasha. Tunasema tu kwamba watu wawili wasiojuana walifikishwa mahali ambapo vipimo vya kawaida vya maisha vilivunjika, na kila mmoja akaona kwamba swali lenyewe lilihitaji kugeuzwa. Hata hivyo jibu la Frankl lina mahali palipoachwa wazi. Maisha yakituuliza, ni nani hasa anayeuliza? Daktari hakulazimika kujibu. Kanisa linalazimika.

6. Wito

Mwaka 1520, katika maandiko yake juu ya uhuru wa Mkristo, Martin Luther alifundisha kwamba mtu aliyehesabiwa haki kwa imani hana haja tena ya kufanya matendo ili ajipatie thamani mbele za Mungu. Thamani hiyo ameipokea bure katika Kristo. Kwa hiyo matendo yake yamewekwa huru yaelekee mahali yanapohitajiwa kweli, yaani kwa jirani. Kutokana na mzizi huo likaota fundisho la wito. Kabla ya hapo neno wito lilitumika hasa kwa watawa na mapadre. Luther alilipeleka shambani, jikoni, karakanani na penye kitanda cha mtoto. Gustaf Wingren wa Sweden, katika uchunguzi wake wa mwaka 1942, alionyesha vema kwamba kwa Luther wito ni wa dunia hii na kwa ajili ya jirani. Haupandi mbinguni kuwa ngazi ya kujiokoa.

Fundisho hili lilitoka kwa mtu aliyejua kaburi la mtoto ni nini. Binti yake Elisabeth alifariki mwaka 1528 kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na umri wa miaka 13. Aliyesema huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hutambuliwa katika mateso na msalaba, wala si katika utukufu unaoonekana, alikuja kuyaishi maneno yake mwenyewe.

Hapa tunafikia jambo ambalo kwetu ni kiini cha makala yote. Watu wengi wanaosimulia habari za Kitereza huhitimisha kwa kusema kwamba kitabu kile ndicho mtoto wake, na kwamba kwa kitabu hicho amepata jina lisilokufa. Maneno hayo yana faraja, nasi tunaielewa nia yake. Lakini yana hatari. Tukisema hivyo hatujakivunja kipimo cha zamani. Tumebadilisha tu kitu kinachopimwa. Palipokuwa na mtoto tumeweka kitabu. Basi tuulize: kama mswada ule ungeliwa na mchwa Kagunguli mwaka 1960, je, maisha ya mtu huyu yangekuwa bure? Na vipi makatekista wenzake wa visiwa na mwambao, waliofundisha watoto chini ya miti, wakawasindikiza wagonjwa, wakafa bila mtoto wala mswada?

Historia ina udhaifu wa kuwakumbuka wale tu ambao matunda yao yalifika sokoni. Theolojia haina ruhusa ya kuurithi udhaifu huo. Kwa mujibu wa fundisho la wito, kusudi la maisha ya Kitereza halikuanza mwaka 1980 kitabu kilipochapwa. Lilikuwako alipokuwa akimtunza Anna. Lilikuwako alipofasiri maneno ya ibada ili jirani yake asiyejua Kilatini aelewe. Lilikuwako mwaka 1945 alipoandika neno la mwisho, na lingalikuwako hata kama hakuna mtu angelisoma neno hilo. Musa alitazama nchi kutoka mlima Nebo asiingie (Kum. 34), na mwandishi wa Waebrania anawataja mashujaa wa imani waliokufa kabla ya kupokea walichoahidiwa (Ebr. 11). Hakuna mahali Maandiko yanaposema kwamba maisha yao yalipungukiwa.

Lakini tuwe waangalifu. Fundisho la wito limewahi kutumiwa vibaya, ili kuwaambia watu wanaoonewa wakae kimya mahali walipo. Kitereza hakukaa kimya. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuacha kutafuta njia ya kitabu chake. Na njia ilipokuwa ni kukitafsiri upya katika lugha nyingine, aliifanya kazi hiyo mzee na mgonjwa. Yeye hakuyadharau matunda. Ila hakuyafanya kuwa sharti la kufanya kazi.

7. Yatupasayo wachungaji

Mambo haya hayafai kubaki darasani. Katika sharika zetu wako wenzi wasio na watoto ambao kila Jumapili huketi mbele yetu. Mara ngapi tumewahubiria habari za Hana (1 Sam. 1) kana kwamba ujumbe wake wote ni kwamba anayeomba kwa bidii atapewa mtoto? Anayeomba miaka 20 asipate hutoka kanisani na mzigo wa pili: alikuwa tasa, sasa amekuwa pia mwenye imani haba. Nasi mara chache tumesimama kwenye swali la Elkana, aliyemuuliza mkewe kama yeye mwenyewe hakuwa bora kwake kuliko wana wengi. Wala hatuhubiri mara nyingi kutoka Isaya 56:3–5, ambapo Bwana anamwahidi towashi, mtu asiye na tumaini lolote la kuzaa, mahali na jina ndani ya nyumba yake lililo bora kuliko wana na binti. Ahadi hiyo ni jibu la moja kwa moja kwa hofu ya wahenga: jina halitunzwi na wajukuu, linatunzwa na Mungu. Katika ubatizo jina hilo limekwisha kutamkwa.

Jambo hili lina uzito hata wa uhai na mauti. Tangu miaka ya 1970 nchi za Usukuma zimejulikana kwa mauaji ya wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Katika hali kama hiyo, mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea huwa karibu zaidi na hatari. Jamii inayoamini kwamba maisha bila uzazi hayana kusudi haiko mbali na kuamini kwamba mwenye maisha hayo anaweza kuondolewa. Kwa sababu hiyo mchungaji anayemtembelea mjane asiye na mtoto, akaketi kwake mchana watu wakimwona, anafanya theolojia kwa miguu yake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maandalizi ya ndoa, wachumba wafundishwe waziwazi kwamba agano lao mbele za Mungu ni kamili siku ya arusi, wala halingojei mtoto ili likamilike. Na ndugu wa pande zote mbili wahimizwe kusikia hayo. Pili, wasifu wa marehemu uandaliwe kwa msaada wa mchungaji au mzee wa kanisa, ili useme marehemu alimhudumia nani, badala ya kutaja tu ameacha nini. Maana hakuna mtu wa usharika ambaye hakumhudumia mtu. Tatu, wanafunzi wa theolojia watumwe kukusanya habari za makatekista na wainjilisti wa zamani wa vijiji vyao, hasa wale ambao hakuna familia iliyobaki ya kuzisimulia. Kazi hiyo haitawapa wazee hao thamani, kwa kuwa wanayo tayari. Itatufundisha sisi kuiona.

Hitimisho

Tumemfuata mtu mmoja wa Ukerewe katika milango minne iliyofungwa. Tumeona kwamba kipimo cha uzazi kilikuwa na sababu zake katika historia, na kwamba kuweka mafanikio mahali pa uzazi hakuondoi tatizo. Tumesema kwamba maisha ya mtu yana kusudi kwa sababu Mungu amemwita kwa jina na kumweka karibu na jirani, na kwamba kusudi hilo ni kamili leo, hata kabla ya tunda lolote kuonekana.

Kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa huduma tunaongeza neno moja. Wengi wenu mtapelekwa katika sharika ndogo, visiwani na vijijini, ambako mtafanya kazi miaka mingi bila kuona hesabu ya waumini ikiongezeka sana, na barua zenu kwa ofisi hazitajibiwa upesi. Siku hizo zitakapowajia, msiulize kwanza kazi yenu imezaa nini. Ulizeni ni nani aliye mlangoni asubuhi hiyo, na anahitaji nini.